Usiku Maria alipobatizwa

Jumapili binti yangu alinyamaza katikati ya Nasadiki, ungamo letu la imani kwenye misa. Sisi tukaendelea, "Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume", yeye kafunga mdomo, akaufungua tena tulipofika kwenye ubatizo. Nilidhani ni usingizi wa misa ya kwanza. Tukiwa kwenye bajaji akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hapo hawezi tena kuungana nasi.

Amekuwa akisoma habari za Rwanda. Amefika Nyange, parokia ambako Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisani, na kanisa likaangushwa kwa tingatinga wakiwa mle ndani. Padre wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa huku kwetu, Arusha, na mahakama ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2006 alipewa miaka 15, na mwaka 2008 rufani ikaifanya kuwa kifungo cha maisha.

"Mama, wengine wa mle ndani huenda aliwabatiza yeye mwenyewe. Ubatizo wao ulikuwa wa kweli?"

Nikamwambia ulikuwa wa kweli. Akasema hicho ndicho kinachomuuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria Kigogo, mtaa wa Dar es Salaam tulikokuwa tukiishi.

Zilikuwa zile mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998. Mto Msimbazi ulikuwa umevuka kingo zake, bonde lote maji. Baba alikuwa zamu ya usiku bandarini. Mama alijifungua kabla ya miezi kutimia, nyumbani, mikononi mwa bibi yangu na jirani mmoja aliyewahi kuzalisha. Kwenda hospitali ya Muhimbili usiku ule hakukuwezekana. Waliojaribu kutafuta gari walirudi wamelowa mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa mdogo mno, na pumzi yake ilikuwa ikikatika, inarudi, inakatika.

Mama alitaka abatizwe. Nikatumwa kwa katekista, lakini njia ya kwake ilikuwa imefunikwa na maji. Nikarudi mbio, na nyumba ya pili kutoka kwetu nikamkuta mhazini wa zamani wa jumuiya yetu ya Wakatoliki wa mtaani amesimama barazani anatazama mvua. Sitamtaja jina. Huyu ndiye aliyekula fedha za mfuko wa kufa na kuzikana. Mama yangu alikuwa akichangia mfuko ule kutoka kwenye biashara yake ya vitumbua, na siku mjane mmoja wa jumuiya alipofiwa, daftari lilionyesha fedha zipo na kwenye sanduku hapakuwa na kitu. Mwili ulikaa chumba cha maiti mpaka watu walipochanga upya. Baada ya hapo hakuna aliyempa mkono, hata wakati wa kutakiana amani kanisani. Aliniuliza nakimbilia wapi. Nikamwambia.

Alifika mlangoni kwetu suruali kaikunja, maji yanamchuruzika. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. Mama hakujibu. Alikuwa amelala upande, mtoto kifuani, akamtazama mtu yule kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tena kwake. Aliyejibu alikuwa bibi. Bibi yangu alikuwa Mzaramo, Mwislamu wa kuzaliwa mpaka kufa, na kibatari alikuwa amekishika yeye. "Pita ndani, baba," akamwambia.

"Asimguse," Mama akasema.

"Mwanangu, mtoto anaondoka."

"Nimesema huyu asimguse."

Yule mtu hakusogea hata hatua moja. Akasema taratibu, "Simgusi, mama. Mshikeni nyinyi. Mimi nitamimina maji tu."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mvua juu ya mabati ilikuwa na kelele kiasi kwamba hatukuisikia pumzi ya mtoto, ikabidi bibi ashushe kibatari karibu na kifua chake kidogo aone kama bado kinapanda. Kilipanda. Kikakaa. Kikapanda tena. Mama akageuza uso wake ukutani, na huku uso ukiwa ukutani, mikono yake ikamtoa mtoto kwenye kanga na kumnyoosha mbele, kichwa kikilala kiganjani mwake. Mimi ndiye niliyeteka maji kwenye ndoo, kwa kopo la Blue Band lililokatwa mdomo. Nikampa. Mkono wake ulitetemeka, maji yakamwagikia kanga ya bibi. Akauliza jina. Mama akauambia ukuta: Maria.

"Maria, nakubatiza kwa jina la Baba." Akamimina. "Na la Mwana." Akamimina. "Na la Roho Mtakatifu." Mara ya tatu mtoto akakunja uso, kama mtoto yeyote anayemwagiwa maji ya baridi, na kwa nukta chache niliamini ataishi. Mama hakusema kitu. Bibi ndiye aliyesema "Amin".

Maria alifariki kabla ya adhuhuri. Tulimzika maji yalipopungua.

Padre alipokuja kutupa pole, Mama hakusubiri hata akae vizuri. "Baba, mtoto wangu amebatizwa, au amemwagiwa maji na mwizi?"

"Amebatizwa," padre akasema. Kisha akamwonyesha bibi aliyekuwa kwenye mkeka. Akasema kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi amimine maji, aseme maneno yale, na anuie kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Hata huyu mama angeweza.

"Mimi?" bibi akauliza.

"Wewe, mama."

Bibi aliikumbuka habari hiyo mpaka uzeeni. Sidhani kama ilimkaa vizuri, lakini ilimgusa.

Ukubwani nilijua kwamba swali la mama yangu liliwahi kuitikisa Afrika ya Kaskazini. Kwenye dhulma ya Kaisari Diokletiano dhidi ya Wakristo, kuanzia mwaka 303, baadhi ya makasisi walitoa Maandiko Matakatifu yachomwe ili wao wapone. Dhulma ilipokwisha, wengi hawakutaka sakramenti zenye mikono yao ndani yake. Hao ndio walioitwa Wadonati, na mgawanyiko wao na Wakatoliki ulidumu kwa vizazi. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, alikabiliana nao kwenye mkutano wa Karthago mwaka 411. Katika mahubiri yake alisema kwamba Petro akibatiza, ni Kristo anayebatiza. Yuda akibatiza, ni Kristo anayebatiza. Maji yakipita kwenye mfereji wa mawe, alisema, mawe yenyewe hayaoti kitu, lakini bustani inapata maji yake.

Mimi naamini hivyo, kwa moyo wote. Kanisa halikuitwa takatifu kwa sababu sisi tuliomo ni wema. Limeitwa hivyo kwa sababu ya aliyejitoa kwa ajili yake ili alitakase, kama Paulo anavyowaandikia Waefeso, na kwa sababu anachotoa mle ndani ni chake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, haukuficha nusu nyingine: Kanisa linawakumbatia wakosefu kifuani mwake, ni takatifu na wakati huohuo lahitaji kutakaswa daima. Kadinali Laurean Rugambwa, ambaye hapa Dar tulikuwa tumempoteza Desemba 1997, miezi michache tu kabla ya usiku ule, alikuwa mmoja wa maaskofu wa Mtaguso huo.

Hata hivyo Wadonati nawaelewa. Kama ningeishi Karthago na ndugu yangu ameuawa kwa kukataa kutoa vitabu, na aliyetoa vitabu ndiye amesimama altareni, sijui ningekaa upande gani. Na najua kwamba kisa cha Kigogo ni kidogo mno mbele ya Nyange. Fedha za msiba si maisha ya watu. Nikiyaweka pamoja, moyo wangu unasita.

Linaloniwasha zaidi ni jinsi fundisho hili linavyogeuzwa pazia. Mtu akiulizwa hesabu za parokia anajibu kwamba sote ni wakosefu. Mtoto akisema kaguswa vibaya, anaambiwa asilichafue Kanisa. Lakini mara nyingi misa huanza na watu kupiga vifua vyao wenyewe: nimekosa mimi. Kifua cha jirani hakipigwi, na hakuna anayeruhusiwa kujificha nyuma ya "sote". Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani tarehe 12 Machi 2000 kwa dhambi za wana wa Kanisa, na mwaka 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale ya Rwanda. Yapo niliyotamani yasemwe zaidi ya hayo. Lakini kuomba msamaha hakukuufanya utakatifu wa Kanisa kuwa uongo. Kwangu mimi ndipo ulipoonekana. Ndiyo maana nikifika kwenye sala ya amani, padre anaposema "usizitazame dhambi zetu, ila imani ya Kanisa lako", huwa nasikia ombi. Sijawahi kulisikia kama jambo ambalo tumeshapewa hati yake.

Baada ya mvua, jumuiya ilisali kwetu. Wote walikuwa wameshaketi alipofika yule mhazini, akabaki kizingitini kama usiku ule. "Tumsifu Yesu Kristo." Watu wakaangalia chini. Mama akajibu, kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Milele amina," akamsogezea kigoda. Tukasali rozari na litania, tukasoma Injili ya Jumapili. Ilipokwisha, kabla watu hawajanyanyuka, Mama akafungua daftari la jumuiya, akamgeukia na kumuuliza mbele ya wote fedha za watu atalipa lini, na kwa awamu ngapi.

Akataja tarehe. Alilipa kidogo mara chache, kisha akahama Kigogo. Kila mwaka Mama humwombea Maria misa, na fedha nyingi za mfuko ule hazijarudi hadi leo.