Nilivyotafuta Umri wa Wazee wa Ngamiani

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika takwimu za afya, nikiwa nimechagua kuchunguza uzee na vifo, nilidhani kazi ngumu itakuwa hesabu. Kanuni ya Gompertz ya mwaka 1825, ambayo kwayo hatari ya kufa kwa watu wazima huongezeka maradufu takriban kila miaka minane, nilikwisha kuizoea. Kilichonishinda ni swali la mwanzo kabisa la dodoso, yaani umri.

Wazee wengi niliowahoji Ngamiani, hapa Tanga, hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, nao walinitajia 60, 70, 75, 80. Kwa kawaida, katika kila wazee kumi, wawili hivi tu ndio hutarajiwa kuwa na umri unaoishia na 0 au 5. Wangu walipita mno kiasi hicho, ishara kwamba wengi walikuwa wakikisia tu. Kosa hili si dogo, kwa kuwa mtu anayejiongezea miaka huhesabiwa na wenye miaka 90 ilhali mwili wake ni wa miaka 80, na hapo mchoro wa hatari ya kufa kwa kila umri huonekana kulegea mwishoni, kana kwamba uzee wenyewe umechoka. Karibu niandike hivyo. Wahakiki waliirudisha makala yangu ya kwanza, na ingawa niliumia, walikuwa na haki.

Nikarudi mtaani na kalenda ya matukio: Uhuru wa 1961, Muungano wa 1964, kutaifishwa kwa mashamba ya mkonge 1967, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bibi mmoja aliyejitajia miaka 85 aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, Uhuru ulinikuta sijavunja ungo. Mkonge ulipochukuliwa na serikali nilikuwa namnyonyesha kifungua mimba wangu." Basi alizaliwa baina ya 1946 na 1951 hivi, na kwa mwaka ule wa mahojiano, 2019, hakuzidi miaka 73. Sikuchagua mwaka mmoja. Niliingiza kipindi chote katika kompyuta, nikaiacha modeli ikokotoe kwa kila umri uliowezekana. Ilichukua miezi, lakini tasnifu ilipita, na kwa kazi hiyo nikapata uhadhiri.

Nilipomweleza bibi kwamba nimempunguzia miaka, alicheka, kisha akaniomba majirani wasiambiwe.