Gridi imfuate Baba Mdogo

Nimeshinda chumbani hapa Sinza tangu asubuhi, mvua ya masika ikipiga bati, nikirekebisha kosa nililolifanya wiki iliyopita. Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Umeme umekatika muda si mrefu, laptopu ina chaji kidogo, acha niandike nikiwa bado nakumbuka.

Kazi yenyewe ni wimbo wa Baba Mdogo. Alipiga kinanda kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na tangu utotoni nilikuwa namwomba arekodi hata wimbo mmoja wa kwake. Mwezi uliopita akakubali. Alikuja kutoka Mbagala kwa daladala mbili, shati limepigwa pasi kama mtu anayekwenda ukumbini. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kinanda kabla hata ya chai. Nikachomeka waya, nikafungua REAPER, programu yangu ya kurekodia, nikawasha kliki, ule mlio unaomgongea mpigaji mapigo. Vipimo vinne tu, akainua mikono.

"Mwanangu, huyo anayegonga mlango ni nani? Mwambie asubiri nje."

Nikaizima. Akapiga dakika tano na nusu bila kusimama: ubeti taratibu, kiitikio, ubeti, halafu akaingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya dansi inapochangamka, na chumba kizima kikabadilika. Dada, binti yake wa pili, akaimba juu ya kinanda jioni ileile. Tempo ya projekti sikuigusa. Ilibaki mapigo 120 kwa dakika, namba inayokuja yenyewe ukifungua projekti mpya, na kwa kuwa hatukuhitaji kliki sikuona shida.

Shida ilikuja nilipotaka kuongeza tumba na besi. Mistari ya gridi, ile inayoonyesha mapigo kwenye skrini, ilikuwa inapita popote, haina uhusiano wowote na alichopiga mzee. Nikahesabu mapigo yake kwa kidole juu ya meza nikapata kama 96. Nikafuta 120, nikaandika 96, nikabonyeza kucheza.

Moyo ulinishuka. Dada anaimba kama alivyoimba, baba yake anabaki nyuma, anazidi kubaki nyuma, mpaka mmoja yuko kwenye kiitikio na mwenzake bado anahangaika na ubeti.

Sababu nilikuwa naijua kwa maneno, ila sikuwahi kuiona ikiumiza hivi. Sauti ya Dada ni sauti kweli, na treki yake nilikuwa nimeipangia ikae kwenye muda wa saa, kama ninavyofanya kila nikirekodi uimbaji. Kinanda nilikirekodi kama MIDI, na MIDI ni maagizo tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, lini, kimeachiwa lini. Hiyo "lini" programu haiiandiki kwa sekunde, inaiandika kwa mapigo. Kwenye REAPER yangu kila pigo limegawanywa tiki 960. Kwa tempo 120 pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo nota aliyoipiga dakika ya kwanza ilipotimia ilikuwa kwenye pigo la 120. Ukiishusha tempo kuwa 96, nota haihami kwenye pigo lake, lakini pigo sasa lina milisekunde 625. Mara 120, unapata sekunde 75. Yaani ndani ya dakika moja tu nilikuwa nimemchelewesha mzee sekunde 15.

Nikajaribu ujanja wa kwanza uliokuja kichwani: nikachagua nota zote kwenye kihariri, nikazibana kwa 0.8, maana 96 kwa 120 ni 0.8. Hesabu ni sahihi, na nota zilirudi mahali pake. Lakini nilichagua nota peke yake. Maagizo ya pedali yalibaki yalipokuwa. Baba Mdogo hupumua kwa mguu ule. Anaikanyaga akiingia kwenye kodi, anaiachia akibadilisha. Sasa pedali ilikuwa inaachiwa katikati ya kodi na kukanyagwa juu ya mabadiliko, kila kitu kikawa tope. Nikatendua vyote, nikarudi kwenye 120, nikafunga laptopu. Siku tatu sikuifungua.

Leo nimeanza upya, polepole. Kabla ya kugusa tempo nimefungua sifa za klipu ya kinanda, nikawasha mpangilio unaoifanya ipuuze tempo ya projekti na kushika yake yenyewe, 120. Kisanduku cha klipu nacho nikakiambia kikae kwenye muda, si kwenye mapigo. Halafu, mkono ukitetemeka kidogo, nikaandika 96. Mzee na binti yake wakaendelea pamoja. Nikaandika 60, nikaandika 200 ambayo ni mwendo wa singeli, hawakutikisika. Nilisimama, nikaenda mlangoni kutazama mvua kwa muda.

Wanaotumia programu ya Cubase wana kitufe cha kuihamisha treki kutoka muda wa kimuziki kwenda muda wa saa, na kwenye Pro Tools unachagua kama treki ikae kwenye tiki, yaani mapigo, au kwenye sampuli, yaani muda wa saa. Jambo ni lilelile.

Baada ya hapo ndipo kazi niliyoipenda ilipoanza. Tempo moja ya 96 haimtoshi Baba Mdogo, kwa sababu yeye hana tempo moja. Nikaweka alama ya tempo kila baada ya vipimo viwili, nikawa nauvuta mstari wa gridi mpaka uguse kodi yake ya mwanzo wa kipimo. Saa nne nzima. Ubeti wa kwanza ni 95, 96, 95. Kwenye ubeti wa pili, pale maneno yanapomtaja mama yao, anashuka mpaka 93. Kipimo cha mwisho kabla ya chemko anaishikilia kodi, gridi inasoma 88, kisha analiachia lote na ndani ya vipimo vinne tuko 113. Ndivyo bendi zilivyopiga studio za Radio Tanzania, watu wote chumba kimoja, chemko likipanda kwa sababu wanamuziki wamepanda. Kama ningembana kwenye 96 kwa kwantaizi, yaani kuzivuta nota zake zikae juu ya mistari ya gridi, ningelikosa hilo kabisa, na ninaamini tunalikosa kwenye nyimbo nyingi tunazotengeneza siku hizi mjini hapa, mimi nikiwemo.

Jambo moja lilibaki. Klipu inayopuuza tempo inacheza sawa, lakini ukiifungua kwenye kihariri nota bado zimepangwa kwa mapigo ya 120. Nilitaka zikae kwenye vipimo vipya ili niweze kuandika besi nikiwa naziona. Nikaongeza treki ya pili, nikaiunganisha ipokee MIDI ya ile ya kwanza, nikairekodi wimbo mzima ukiwa unacheza. Kwenye waya ujumbe wa MIDI hauna saa. Unatumwa wakati wake ukifika, na anayepokea anauandika kwa gridi yake. Kwa hiyo nota zimeandikwa upya kwa mapigo mapya, sekunde zilezile, na pedali imekuja nazo. Kuhakikisha, nimezipiga treki zote mbili pamoja kwa sauti ileile ya kinanda, ya zamani sikio la kushoto, mpya la kulia. Nimesikia kinanda kimoja, katikati.

Jioni nikampigia Baba Mdogo, nikamwekea kipande cha kabla ya chemko kwenye simu, safari hii na kliki mpya inayofuata ramani yake. Kliki ikapunguza mwendo pale alipopunguza, ikangoja, ikaondoka naye. Akanyamaza kidogo, nikasikia mvua ya Mbagala.

"Mwambie aingie ndani," akasema. "Na mpiga besi anakuja lini?"

Nikamwambia Jumamosi.