Vigumba vya Wamongolia: kazi ilipofikia

Nakala za vigumba bapa, yaani vichwa vya chuma vya mishale, zimekamilika. Vyembamba vya pande nne, vya kutobolea deraya, bado viko kwenye fuawe. Chuma ni fito za mraba za milimita 8, kaboni asilimia 0.45. Nondo za ujenzi tumeziacha kwa sababu kaboni yake haitabiriki: kipande kimoja hukubali kuwa kigumu, kingine hubaki laini.

Msuka, yaani mkia unaoingia kwenye uti wa mshale, hufuliwa kwanza. Ukianza na bapa, koleo halitakuwa na pa kushika, na ukingo mwembamba utaungua kila kigumba kinaporudi motoni. Urefu ni milimita 45, shinani milimita 5, ukichongoka hadi 2. Bega liwe wazi na likae sawasawa juu ya uti. Msuka usio na bega hugeuka kabari na kupasua uti mshale unapogonga.

Giovanni da Pian del Carpine, mtawa wa Kiitaliano aliyekwenda kwa Wamongolia mwaka 1245 hadi 1247, alieleza kuwa walibeba tupa ya kunolea mishale kando ya podo (mfuko wa mishale), na kwamba vyuma vya mishale vilichovywa vya moto katika maji ya chumvi. Chumvi huzuia utando wa mvuke, hivyo chuma hupoa haraka sana, na hapo ndipo ukingo mwembamba hupata ufa. Uache unene wa milimita 1, unoe baadaye. Pasha hadi sumaku isishike, ongeza moto kidogo, chovya bapa peke yake. Msuka ubaki laini; ukiwa mgumu hukatika kwenye jiwe la kwanza. Kisha saa moja kwenye oveni, nyuzi 250. Baada ya hapo tupa ing'ate kwa shida. Ikiteleza, kigumba bado ni kigumu mno, na tupa ya kando ya podo isingekuwa na kazi.

Uti ni wa mbetula (mti wa nchi za baridi), milimita 10, tundu la 3.5. Wengine huingiza msuka ukiwa mwekundu; mkaa unaobaki hauishiki gundi, kwa hiyo ukwanguliwe. Kano mbichi iliyoloweshwa gundi ya ngozi huzungushwa milimita 25, ikikauka hukaza. Juu yake gome la mbetula, maana gundi hiyo hulegea kwenye unyevu.

Viringisha mshale mezani: ncha ikiyumba, nyoosha. Bapa pana hushika upepo kama unyoya uliowekwa mbele, na kosa dogo hupeleka mshale kando.

Vya wakusanyaji huuzwa bila uti, mwaka umegongwa kwenye msuka. Kuvizeesha kwa asidi hatufanyi. Kigumba cha namna hiyo kikipita mikono miwili mitatu huishia kuuzwa kama kilichofukuliwa.