Kwestionea themanini na peni tatu

Kabla hamjanirushia mawe ngoja niseme mwenyewe, mimi nimewaandikia watu risechi. Miaka minne hivi, hapa steshenari kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kuanzia proposo mpaka chapta faivu, na chapta foo ndo ilikuwa kazi yangu haswa maana SPSS, ile programu ya kuchambua data, inawatoa watu jasho hata kwenye baridi ya Juni. Mtu anakuja kajikunyata na sweta lake, anaweka flashi mezani, "kaka nisaidie supavaiza kanibana". Namsaidia, analipa, mwisho wa mwaka namuona kwenye statasi kavaa joho.

Biashara hiyo siku hizi imedoda. ChatGPT, ile AI (akili bandia) inayokuandikia ukiiomba, imekuja mwisho wa 2022 ikatumaliza kimyakimya, sasa wanachokuja nacho ni risechi iliyoandikwa na AI, wanataka uichezeechezee isomeke kama kaandika mtu kwa sababu chuo kina programu ya kukamata kazi za AI. Na mjadala wote ninaousikia, wa wahadhiri na wa wanafunzi, umebaki hapohapo, huyu anakamata yule anakwepa, kama trafiki na bajaji.

Halafu hizo programu zenyewe jamani. 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza sio lugha yao, wakazipitisha kwenye programu saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na AI. Mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, wakaiondoa ya kwao kwa kutokuwa sahihi. Sasa fikiria kijana aliyekulia Kisafwa nyumbani, shule ya msingi Kiswahili, kufundishwa kwa Kiingereza kameanza fomu wani, anaandika kwa sentensi fupi alizokariri, mashine inamwambia wewe ni mashine.

Mimi falsafa niliisoma semista moja tu, na nilipata C, lakini kuna kitu cha Aristotle kimenikaa. Anasema mtu anakuwa fundi ujenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na tabia ni hivyohivyo, mwadilifu anakuwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara nyingi. Ila watu wanasahau anachoongezea, kwamba ukijenga vibaya kila siku nako unafuzu, unakuwa fundi mbaya aliyekomaa. Kwa hiyo yeye hakuulizi umevunja kanuni namba ngapi, anakuuliza mkono wako unazoea nini.

Wangu ulizoea hivi. Kuna risechi moja ilikuwa ya lumbesa kwenye viazi, wakulima wanavyoumia na magunia yanayoshindiliwa kupita kilo 100. Mwenye kazi hakwenda shamba hata siku moja, bumu lilichelewa na muda ulikuwa umeisha, basi nikajaza kwestionea themanini mimi mwenyewe usiku mbili, nina peni tatu za rangi tofauti, nyingine naandika kwa mkono wa kushoto ili miandiko isifanane. Nikawapa wakulima umri, watoto, ekari, malalamiko. Ikapita vizuri tu. Na niwe mkweli, mimi nilijifunza sana pale, tebo za SPSS nazisoma kama gazeti mpaka leo, aliyevaa joho hajui hata faili linafunguliwaje.

Krismasi nikaenda Umalila kwa mjomba, analima viazi na pareto. Tunakula, nikajisifia kuhusu ile risechi. Akaacha kutafuna. "Mlimuuliza nani, mwipwa?" Nikamjibu papo hapo, tulizunguka upande wa Uyole mjomba, wazee themanini. "Wakasemaje?" Nikampa na asilimia. Mzee akatingisha kichwa, kweli kabisa, kweli kabisa. Nilishtuka usiku nimelala. Hakuna aliyenilazimisha, ningeweza kusema sijui, ila uongo ulitoka kabla hata sijaufikiria, kama mtu anavyoshika breki.

Ndo maana hawa wanaosema AI ni kikokotoo tu, chombo cha kurahisisha kazi, siwaelewi vizuri, na wanaotaka kila mtu akamatwe siwaelewi zaidi. Kuna mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, kafariki 2025, alikuwa na mfano wa mtoto anayefundishwa chesi kwa kupewa pipi. Akicheza kwa ajili ya pipi tu hana sababu ya kutoiba, ila siku akiipenda chesi yenyewe, akiiba anajiibia. Vyuo vyetu pipi ni cheti. Supavaiza ana wanafunzi lukuki, anasoma kichwa cha habari na marejeo, anasaini, mtoto ataipendea wapi chesi?

Juzi kaja binti, semista ya mwisho, na flashi yake, anataka niisafishe AI. Nikamwambia dada hiyo kazi nimeacha, ila kwa hela hiyohiyo kaa hapa nikuonyeshe jinsi ya kuingiza data zako kwenye SPSS, saa mbili tu, chapta foo utaiandika mwenyewe. Akaniangalia kama naongea Kichina.

"Data zipi kaka?"