Task 1 ya IELTS: kueleza grafu na michakato kwa Kiingereza ukiwa unafikiri kwa Kiswahili

IELTS ni mtihani wa kupima Kiingereza, na sehemu ya kuandika ya IELTS Academic ina dakika 60 na maswali mawili. La kwanza, ambalo kila mtu huliita Task 1, hukupa grafu, chati, jedwali, ramani au mchoro wa mchakato, ukaeleze kwa maneno yasiyopungua 150. La pili ni insha ya maneno 250 na uzito wake ni mara mbili. Kwa hiyo halali ya grafu ni dakika 20, na kila dakika inayozidi hapo imeporwa kwenye insha.

Wanaokwama bendi ya 6 (alama za IELTS huitwa bendi, na ya juu kabisa ni 9) mara nyingi hawaponzwi na msamiati. Wanaponzwa na kutaja kila tarakimu kuanzia kushoto hadi kulia, kama mwalimu anayeita majina ya daftari la mahudhurio. Swali lenyewe linasema uchague mambo makuu na ulinganishe panapofaa. Vigezo vya usahihishaji viko vinne na vina uzito sawa: kutimiza swali, mpangilio, msamiati, sarufi. Kwenye hicho cha kwanza, bendi ya 6 inaridhika na jaribio la muhtasari. Bendi ya 7 inataka muhtasari ulio wazi. Sentensi mbili za muhtasari zina faida kuliko ukurasa mzima wa “skyrocketed” na “plummeted”, ambazo kwa maoni yangu zingefutwa kwenye kila orodha ya kukariri. Idadi ya watu haipai kama roketi. Inaongezeka.

Tuchukue takwimu ambazo wengi wetu tunazijua, sensa za Tanzania. Mwaka 1967 watu walikuwa milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, 2022 milioni 61.7. Zichore kwenye grafu ya mstari, kisha jiulize: mtu akiitazama kwa sekunde tano, ataona nini? Ataona kwamba mstari haukushuka hata mara moja, kwamba mwisho ni kama mara tano ya mwanzo, na kwamba ngazi ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Huo ndio muhtasari, umekwisha:

“Overall, the population of Tanzania rose at every census and was about five times as large in 2022 as in 1967, with the largest increase occurring after 2012.”

Ukitoa miaka, hakuna tarakimu ya kwenye grafu humo. Tarakimu zinasubiri aya zinazofuata. Muhtasari uweke mara tu baada ya sentensi ya utangulizi, usiuache mwisho, kwa sababu muda ukikuishia ndio utakaokosekana.

Sasa angalia mtego uliomo kwenye takwimu hizo hizo. Kati ya 1988 na 2002 waliongezeka watu milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 waliongezeka milioni 10.5. Mwenye haraka ataandika kwamba ongezeko lilipungua. Lakini kipindi cha kwanza ni miaka 14 na cha pili ni 10. Gawanya: karibu watu 810,000 kwa mwaka, halafu 1,050,000 kwa mwaka. Ongezeko la watu kwa mwaka lilikua. Ukipiga hesabu ya asilimia kwa mwaka utakuta kitu kingine, kutoka kama 2.8 hadi kama 2.7, yaani kasi ilipungua kidogo. Kauli zote mbili ni za kweli, ila ni kauli mbili. Grafu ikikuonyesha idadi ya watu, zungumzia watu, na ukisema “growth” hakikisha msomaji anajua ni ya kitu gani. Kabla ya hayo yote, soma mstari wa chini wa grafu uone kama miaka imeachana sawasawa. Wakati mwingine haikuachana sawasawa.

Mtego wa pili ni mstari unaoonekana umelala. Weka Tanzania Bara na Zanzibar kwenye grafu moja. Bara ilitoka watu milioni 43.6 mwaka 2012 hadi milioni 59.9 mwaka 2022. Zanzibar ilitoka milioni 1.3 hadi milioni 1.9. Kwa kipimo cha grafu hiyo, mstari wa Zanzibar utakuwa unatambaa sakafuni, na mkono utakuwasha uandike “remained stable”. Kumbe Zanzibar iliongezeka kwa asilimia 45 hivi, na Bara kwa asilimia 37. Kabla ya kusema kitu hakikubadilika, gawanya tarakimu ya mwisho kwa ya mwanzo.

Halafu kuna makosa ambayo yanatokana na Kiswahili chetu wenyewe, na haya husameheki nayo ukiyarudia kila sentensi. “Kwa” yetu inafanya kazi nyingi mno. Tunasema iliongezeka kwa asilimia 10, na wengi huigeuza kuwa “increased with 10%” au “for 10%”. Kiingereza kinataka “by” kwa kiasi kilichoongezeka na “to” kwa mahali kilipofika: “rose by 16.8 million to 61.7 million”. Ukitumia nomino, vihusishi vinabadilika: “an increase of 16.8 million”, lakini “an increase in population”. Ya kwanza inataja kiasi, ya pili inataja kilichoongezeka. Mpangilio wa namba nao hugeuka. Sisi husema milioni 12.3, wao “12.3 million”, bila “s” mwishoni mwa “million” hata zikiwa milioni mia.

“Iliongezeka mara tano” ni hatari zaidi. Kwa Kiswahili tu inaweza kumaanisha ilipanda katika nyakati tano tofauti au ilifika mara tano ya ilivyokuwa, na “increased five times” ina utata huo huo. Andika “increased fivefold”. Na usiigeuze kuwa asilimia 500: kitu kikifika mara tano kimeongezeka kwa asilimia 400. Asilimia zenyewe zina la ziada. Chati ya duara ikionyesha sehemu fulani imetoka 20% hadi 30%, hilo ni ongezeko la “10 percentage points”. Ukiandika “increased by 10%” umesema imefika 22%.

Mahali ambapo Kiswahili kinatubeba ni idadi na kiasi. Tunaposema idadi, Kiingereza kinasema “number” (watu, magari, wanafunzi). Tunaposema kiasi, kinasema “amount” (maji, umeme, pesa). Fuata masikio yako.

Michoro ya michakato inaogopwa bure. Haina tarakimu nyingi, hatua zimeshapangwa, na kazi yako ni kuziunga. Chukua kahawa ya arabika inavyoandaliwa kwa njia ya maji. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono, hutumbukizwa majini ili yanayoelea yaondolewe, humenywa kwa mashine, huachwa kwenye matangi yachachuke ili utelezi uachie, huoshwa, huanikwa kwenye vichanja mpaka unyevu ubaki kama asilimia 11 au 12, kisha hukobolewa na kupangwa kwa madaraja: AA, A, B na kuendelea.

Soma tena vitenzi vya sentensi hiyo. Huchumwa, humenywa, huoshwa, hukobolewa. “Hu-” pamoja na kauli ya kutendwa ndiyo hasa Kiingereza cha mchakato: “are picked”, “are pulped”, “are washed”, “are hulled”. Tatizo linaanza tukifikiri kwa “-na-”. Ukiwaza kahawa inaoshwa, kalamu itaandika “is being washed”, kana kwamba kuna mtu anaosha sasa hivi mbele yako. Fikiri kwa “hu-” na wakati utakaa wenyewe.

Lakini si kila hatua inatendwa. Kwenye mzunguko wa maji hakuna anayevukiza bahari. “Water evaporates”, “vapour condenses”, “rain falls”. Ukiandika “is evaporated” umemweka mtu asiyekuwepo. Jiulize kwenye kila mshale kama kuna mkono au mashine. Ikiwa ipo, kutendwa. Ikiwa haipo, kutenda. Kwenye kahawa yetu, punje zilizomenywa “are placed in tanks”, lakini utelezi “breaks down”.

Muhtasari wa mchakato hutaja hatua ni ngapi, unaanza na nini na kuishia na nini, na kama ni mstari au mzunguko. Zihesabu kwenye mchoro, usikadirie. Angalia pia kitu kinavyobadilika jina njiani: kinaingia “cherries”, kinatoka “beans”. Ukiendelea kuita “cherries” baada ya kumenywa, msahihishaji atajua hukuelewa mchoro. Viunganishi visizidi mahitaji. “Then” saba mfululizo ni mbaya, ila “subsequently” saba ni mbaya zaidi. “After being washed, the beans are dried” inaunga hatua mbili bila neno lolote la mapambo.

Na usieleze sababu. Grafu haijasema kwa nini watu waliongezeka, na wewe usiseme, hata kama unajua.

Dakika 20 zigawe hivi: nne za kusoma na kuchagua, kumi na tatu za kuandika, tatu za kusahihisha. Wanaofanya kwa kompyuta huonyeshwa idadi ya maneno kwenye skrini, na kati ya 160 na 190 panatosha. Katika dakika tatu za mwisho usitafute uzuri. Tafuta “the” mbele ya “population of”, tafuta wakati uliopita kwenye miaka iliyopita na “is projected to” kwenye miaka ijayo, kisha tazama kama umetaja kizio: ni watu, ni maelfu ya watu, au ni asilimia. Kama grafu ina saa za siku, rudia kuzikagua moja moja. 08:00 ni “8 a.m.”, na akili iliyochoka dakika ya 18 huweza kabisa kuandika saa mbili.