Kuingia Pangani kwa tanga

Nahodha alinieleza tukiwa bado Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja: Pangani huingii utakapo wewe, unaingia maji yakikuruhusu. Mdomoni mwa mto kuna fungu la mchanga, na mashua iliyopakia haipiti maji yakishatoka. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Tukatweka tanga asubuhi, kusi, upepo wa kutoka kusini, likitusukuma kwa nyuma, tukafika mapema mno. Tukashusha tanga nje ya fungu, tukala mihogo na samaki wa kukaanga tukisubiri.

Niliwahi kufika Pangani kwa basi la kutoka Tanga, na sikuona cha ajabu: mapaa ya mabati, bodaboda, maduka. Kumbe basi hukuingiza kwa mlango wa uani. Mji huu uliutazama mto tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa, na sukari ya mashamba ya kando ya mto. Ukiingia kwa maji, majumba ya mawe na chokaa yamejipanga ukingoni, na ng'ambo unaona kilima cha Bweni na minazi yake.

Nahodha alikuwa na mzigo wa kupakia, hivyo kesho yake nzima ilikuwa yangu. Sikutafuta mtu wa kunitembeza. Nilifuata barabara ya ukingoni, na kila penye baraza yenye wazee nikaamkia. Swali la kwanza halikuwa jina langu, bali, "Umekuja na chombo gani?" Nikishajibu, nafasi ya kukaa inapatikana, na kahawa pia.

Mzee mmoja alinisimulia habari za Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, kana kwamba ni za juzi: jinsi bendera ya kampuni ya Wajerumani ilivyowachafua watu roho mwaka 1888, na jinsi Bushiri alivyonyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Nilimuuliza kuhusu nyumba zinazobomoka. "Warithi wengi, mwanangu," akasema, "na chokaa ni ghali." Nadhani hilo linaeleza hali ya miji yetu ya kale kuliko mabango mengi ya mambo ya kale.

Mchana nilivuka kwa pantoni hadi Bweni, nikapanda kilimani. Nenda maji yakiwa yametoka: kutoka juu unaliona fungu waziwazi, na unaelewa kwa nini manahodha hawabishani nalo.

Tuliondoka alfajiri maji yakiwa yamejaa, umande, upepo wa alfajiri, ukivuma kutoka bara. Ulitufaa kwa saa chache tu. Kusi lilipoamka likatukabili usoni, ikawa kupiga bisha kutwa, kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na Nungwi tukaiona jua likizama. Mwenye haraka arudi Tanga kwa basi.