Siku moja kwenye meza ya barua, Kampala

Saa moja na nusu asubuhi nashuka taksi Barabara ya Jinja, naingia eneo la viwanda kwa miguu. Mimi ni katibu muhtasi katika kampuni ya uwakala wa forodha na usafirishaji. Barua za Kiingereza zina mwenyewe hapa ofisini. Zangu ni za Kiswahili: za Mombasa, Mwanza, Butembo, na za madereva wetu.

Saa mbili. Mfanyabiashara wa Butembo ameuliza bei ya kontena moja kutoka bandari ya Mombasa hadi Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kutaja bei ni kazi ya dakika moja. Kinacholeta ugomvi baadaye ni yale yasiyotajwa, kwa hiyo naandika bei ni ya dola, ada za bandari hazimo, gharama ya kuchelewesha kontena ni juu ya mteja, na bei inasimama kwa siku 14. Natuma.

Saa nne, chai na chapati mezani, naandika barua ya kudai malipo kwenda Mwanza. Ni ya tatu kwa mteja huyo. Wapo wanaoamini barua ya deni lazima iume. Mimi siamini, maana aliyetukanwa hujibu matusi na deni linabaki palepale. Naweka namba ya ankara, tarehe mzigo ulipopokelewa na jina la aliyesaini kuupokea, kiasi kilichobaki, na siku ya mwisho ya kulipa. Kisha: “Kama kuna kinachokuzuia kulipa kwa mkupuo, tafadhali tuandikie kabla ya tarehe hiyo tupange pamoja.” Sentensi hiyo siiachi kamwe. Humpa mdaiwa mlango wa kuingilia bila aibu.

Saa sita ndiyo saa nzito. Bosi ameniletea karatasi ya kuchapa, barua kwa dereva wa lori lililochelewa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ameandika: “Umekuwa mzembe na tunakuonya kwa mara ya mwisho.” Namwambia, “Mzee, hajaulizwa bado.” Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe ikiwa anataka. Dereva huyu ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo barua itakuwa ya Kiswahili, na itakuwa ya kumtaka ajieleze. Onyo lingoje.

Neno “mzembe” nalifuta. Mahali pake naandika: “Lori liliingia Malaba tarehe 3 saa nne asubuhi, likatoka tarehe 5 saa kumi jioni. Katika muda huo ofisi haikupata taarifa kutoka kwako. Tafadhali eleza kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kilichotokea.” Mzee anaisoma mara mbili, anasaini.

Dereva anaitwa. Anaishika kwa mikono miwili. “Dada, hii ndiyo ya kunifukuza?”

“Hapana, kaka. Hii inakuuliza. Jibu kila kitu, na kama una risiti au karatasi ya forodha, ambatisha.”

Anasaini nakala yetu kwamba amepokea. Yake anaikunja, anaitia mfukoni.

Saa tisa, cheti cha utumishi cha mlinzi anayehama. Kazi aliyofanya, muda aliokaa, mshahara wake wa mwisho. Sababu ya kuondoka haiandikwi ila mwenyewe aiombe, naye hakuomba.

Saa kumi simu inaita. Ni Mwanza. Barua pepe imefika, na mteja anaomba kulipa kwa awamu mbili, nusu wiki hii na nusu mwisho wa mwezi. Mzee anakubali papo hapo, wanaagana vizuri. Nami nafungua ukurasa mpya mara moja, kwa sababu makubaliano ya simu kila mtu huyakumbuka kwa namna yake: “Yah: Kuthibitisha makubaliano ya malipo. Tunashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo alasiri...” Naweka kiasi na tarehe za awamu zote mbili, na ombi kwamba ajibu kwa neno “nakubali”. Saa kumi na moja kasoro jibu linaingia. Nalichapa, nalibana juu ya ankara, naliweka kwenye faili la Mwanza.